Kwa nini asitupe kamera akakimbia? Jibu kwa mdogo wangu wa Morogoro

Swali limekuja hivi, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Tuko wanne, tunataka kupiga muvi ya kutisha kwenye nyumba ya zamani ya shamba la mkonge huku Morogoro. Wenzangu wanataka staili ya mkanda wa kuokota, yani wahusika wamejirekodi wenyewe kwa simu, wakafa, mtu akaiokota simu. Mimi napinga. Hizi muvi naona ni uvivu mtupu, kamera inayumba mpaka kichwa kinauma, hakuna mziki, hakuna mwisho wa maana, na kila mara najiuliza huyu mjinga kwa nini asitupe kamera akakimbia? Wenzangu wanasema sijui muvi. Naomba utuamulie."

Marahaba mdogo wangu. Nikwambie mapema kabisa, kesi hii umeshinda nusu, na ile nusu uliyoshindwa ndio yenye utamu kwahiyo naanza nayo.

Hilo la kwa nini asitupe kamera kila mtu analiuliza, hata mimi nililiuliza miaka mpaka nikaja kujibiwa na kazi yangu mwenyewe. Mimi ugali wangu unatoka kwenye video za harusi, kupiga na kuedit, muvi ni mapenzi tu. Kuna sherehe moja ilikuwa ya uwanjani, mvua ikaja na upepo wake, hema likang'oka upande mmoja, watu wanapiga kelele, wamama wanakimbia na keki, bibi harusi kashika viatu mkononi, na mimi nipo katikati nimesimama narekodi. Nilikuja kushtuka siku ya pili kwenye editingi, naona nguzo ya hema imepita hatua mbili hivi kutoka kichwani kwangu. Wallahi wakati narekodi sikuiona kama nguzo, niliiona kama shoti nzuri. Ukiwa nyuma ya kamera unajiona haupo pale, unajiona upo nyumbani unaangalia.

Sasa kaangalie tena The Blair Witch Project ya 1999, ile ya vijana watatu, Heather, Josh na Mike, wanaoingia msituni kurekodi habari za mchawi. Kuna sehemu Josh anachungulia kwenye kamera ya Heather afu anamwambia sasa naelewa kwa nini unaipenda hii kitu, ukiangalia humu ni kama sio kweli vile. Imepita kama mazungumzo ya kawaida tu ila jibu la swali lako ndio lile pale. Yule dada hashiki kamera kwa sababu ni mjinga, anaishika kwa sababu siku akiiweka chini itabidi akubali kwamba wamepotea msituni kweli na yeye ndiye aliyewaleta. Mwanzoni kamera ni kiburi chake, katikati ni ngao, mwishoni ni kama mtu wa mwisho aliyebaki wa kuongea nae.

Mfano mwingine ndio ninaoupenda zaidi, REC ya Hispania ya 2007, ya Jaume Balagueró na Paco Plaza. Ripota wa TV na kameramani wake wanaongozana na zimamoto usiku, wanaitwa kwenye jengo moja Barcelona, polisi wanalifunga jengo kwa nje, humo ndani kuna ugonjwa unageuza watu. Hapo kwa nini wanarekodi haina hata mjadala, ndio kazi yao na ripota anataka dunia ijue wamefungiwa. Lakini subiri dakika za mwisho. Wako chumba cha juu kabisa, taa ya kamera inavunjika, giza totoro, kilichobaki ni ile modi ya kamera kuona gizani. Maana yake mwenye kamera ndio pekee anayeona, ripota mwenyewe anapapasa ukuta. Haya mwambie sasa atupe kamera. Akiitupa wote vipofu, na sisi vipofu pamoja nao!

Kwahiyo kipimo changu ni kimoja tu na nakipeleka kwenye kila muvi ya hivi: kamera ina mwenyewe? Kama ina mwenyewe, najua ni nani, anaitaka ya nini na dakika hii kwa nini hajaizima, muvi itanishika hata kama picha ni mbovu. Kama haina mwenyewe basi ni mtu wa produksheni kashika kamera anaitikisa makusudi, na hapo mdogo wangu una haki zote za kusema uvivu, maana nyingi ni hivyo hivyo. Utaona kijana anakimbizwa na shetani ila fremu imekaa vizuri, uso wa shetani katikati, na chini mziki unapiga. Huo mziki kauweka nani, marehemu? Yani mtu kafa, simu ikaokotwa, aliyeiokota akakaa chini akatafuta violini? Ukishasikia hivyo zima kalale.

Halafu hii ya kuyumba, watu wanadhani staili nzima ni kuyumba. Sio. Paranormal Activity, ile Oren Peli aliipiga 2006 ndani ya nyumba yake mwenyewe San Diego, sehemu zake za kutisha kuliko zote kamera haitikisiki hata nywele. Imekaa kwenye stendi mbele ya kitanda, wapenzi wawili wamelala, saa inahesabu pembeni chini, mlango wa korido upo wazi. Basi. Wewe ndio unafanya kazi, macho yanaenda mlangoni yanarudi kitandani, unaangalia shuka, unaangalia kivuli. Usiku mmoja Katie anaamka, anasimama pembeni ya kitanda anamwangalia mwenzie, saa inakimbizwa mbele tunaona masaa yanapita na bado kasimama. Hakuna damu wala efekti ya gharama, ni mtu kasimama tu, na watu wazima walitoka sinema wakaenda kulala na taa.

Paranormal Activity ya tatu, ya 2011, ndio mpaka leo nawafundishia vijana wangu editingi. Jamaa anataka aone sebule na jiko kwa kamera moja, basi anachukua feni ya mezani, anatoa mapanga, anafunga kamera kwenye ile shingo inayozunguka. Feni inaenda sebuleni, inarudi jikoni, taratibu, haina haraka na mtu. Ukiona kitu jikoni huwezi kuiambia rudi, lazima usubiri izunguke kwanza. Binti wa kulea watoto kakaa anasoma, feni inaenda, inarudi, kuna mtu nyuma yake kajifunika shuka, feni inaondoka tena!! Kwenye muvi ya kawaida dairekta angekata shoti akuonyeshe, hapa feni haijali. Hofu yote ipo kwenye kusubiri. Hiyo haiwezekani kwenye staili nyingine yoyote kwa nguvu ile ile, na mtu aliyefikiria feni usimwite mvivu.

Tuje kwenye uvivu sasa, na hapa naongea na wenzako watatu kuliko wewe, maana nahisi wameipenda hii staili kwa sababu ya hela. Wamesoma kwamba Paranormal Activity ilipigwa siku 7 kwa dola 15,000 hivi na ikaingiza karibu dola milioni 193 duniani baada ya kampuni ya Paramount kuiachia 2009, na Blair Witch ilipigwa kwa makumi machache tu ya maelfu ya dola ikaingiza karibu milioni 248. Kweli kabisa. Ila wamesoma nusu ya hadithi. Blair Witch ilipigwa siku 8 za Oktoba 1997 huko Maryland, na madairekta wake Daniel Myrick na Eduardo Sánchez walirudi na masaa kama 20 ya picha ambayo walikaa nayo miezi na miezi wakiyapunguza mpaka kufika saa moja na dakika ishirini. Walipoiuza kwenye tamasha la filamu la Sundance Januari 1999 kwa zaidi ya dola milioni moja, kampuni iliyonunua ikamwaga mamilioni mengine kwenye saundi na matangazo. Hela haikukosekana, ilihamishwa tu sehemu ya kutumika.

Na waigizaji walilipa kwa jasho. Walipewa kamera wapige wenyewe, wanaelekezwa njia kwa GPS, kila mmoja anaachiwa karatasi yake ya maelekezo asiyotakiwa kuwaonyesha wenzake, chakula kinapunguzwa siku hadi siku ili wachokozane kweli, usiku watu wa produksheni wanakuja kutikisa hema na kupiga kanda ya sauti za watoto msituni. Zile sura za uchovu unazoziona humo sio za meikapu. Sisemi mkafanye hivyo, mkinyimana chakula kule mashambani mtarudi mmenuniana na muvi hamna. Ninachosema ni kwamba hakuna taa, hakuna mziki, hakuna kukata shoti kila sekunde tatu ili kuficha uigizaji mbovu. Kwenye muvi ya kawaida mtu akiigiza vibaya editi inamuokoa. Hapa shoti inaenda dakika tatu na akidanganya kwa jicho tu imekwisha. Ni staili rahisi kwa mfuko na ngumu kwa kila kitu kingine.

Saundi ndio usiseme. Kuna kitu kwenye mwisho wa Blair Witch ambacho niliangalia mara nyingi sana kabla ya kukielewa (hapa natoboa mwisho, kama hujaiona ruka aya hii). Wako wawili ndani ya nyumba mbovu, Mike ana kamera ya video, Heather ana ile ya filamu ya nyeusi na nyeupe, na sauti tunayoisikia inatoka kwenye kamera ya Mike. Mike keshafika chini, kamera imeanguka. Picha tunayoona ni ya Heather anashuka ngazi, ila kelele zake tunazisikia kwa mbali, kama mtu anayekuja kutoka chumba kingine, afu zinakaribia. Macho yako kwa Heather, masikio yapo kwa Mike. Ubongo unajua kuna kitu hakipo sawa lakini hauwezi kusema ni nini. Nani kakwambia hawa jamaa walikuwa wavivu?

Afu tusisahau sisi tumekulia wapi. Kwenye vibanda umiza tulijifunza sheria moja kubwa, stelingi hafi. Risasi mia zinapita, adui wanadondoka kama maembe, stelingi anachubuka bega. Sasa hii staili inakuja na kukwambia kabla hata muvi haijaanza kwamba stelingi ameshakufa, ndio maana mkanda umeokotwa. Kwa mtu aliyelelewa na kibanda ni kama kutukanwa. Nadhani ndio maana ukasema hazina mwisho, mwisho zinao ila wameuweka mwanzoni, kilichobaki ni kuangalia watu wanaocheka wasiojua wanaenda wapi. Na kitu kingine cha kwetu, hizi muvi zinakufa kabisa zikitafsiriwa na ma-DJ. Nawapenda ma-DJ wetu ila hii staili inaishi kwa ukimya, sasa unasubiri mlango ufunguke na jamaa anakwambia "mwana anasikia kitu hapo, ngoja uone", ushaharibu. Kama wewe za kwanza uliziona hivyo basi hujaziona bado, zirudie usiku, hedifoni, peke yako.

Ila kwenye mwisho mbovu nusu ya haki nakupa. Kuna The Devil Inside ya 2012, iligharimu kama dola milioni moja ikaingiza zaidi ya mia, lakini inakata ghafla kwenye ajali ya gari afu inakuletea maandishi kwamba ukitaka kujua zaidi tembelea tovuti. Watu walizomea sinema, na ile kura ya watazamaji ya Marekani inayoitwa CinemaScore ikaipa F, alama ya chini kabisa. Ule sio mwisho wa siri, ule ni kumkimbia mteja. Linganisha na Blair Witch ambayo nayo inakata ghafla: Mike kasimama kwenye kona kageukia ukuta, kamera inaanguka, kwisha. Lakini kama ulikuwa unasikiliza mwanzoni, kuna mtu wa kijijini alielezea juu juu habari ya muuaji aliyekuwa anawaua watoto wawiliwawili, mmoja anasimamishwa kwenye kona wakati mwenzie anauawa. Kumbe jibu ulipewa saa nzima kabla na ukaona ni porojo za mzee. Zote zinakata ghafla, moja ina deni na wewe, nyingine ilishakulipa bila wewe kujua.

Kichwa kuuma nako sio deko. Macho yanaona mwendo, sikio la ndani linasema tumekaa kwenye kochi, ubongo unachanganyikiwa, tumbo linageuka. Cloverfield ya 2008 mpaka kumbi za sinema zilibandika tahadhari mlangoni. Kaa mbali na skrini, acha taa moja inawaka, na nyie mnaopiga, simu ikimbie pale tu mtu anapokimbia, sio mtu kakaa anakula muhogo na picha inacheza sindimba.

Sasa kuna jambo ambalo hujaniuliza ila nalijua litakuja, mmoja wenu atasema tusambaze kwanza kama ni kweli. Najua kwa sababu Blair Witch walifanya, tovuti yenye historia ya uongo, mabango ya "wamepotea", waigizaji walitumia majina yao halisi na wakatakiwa wajifiche, mama yake Heather akawa anatumiwa kadi za pole za binti aliye hai. Kabla yao dairekta Ruggero Deodato na Cannibal Holocaust yake ya 1980 kule Italia alienda mbali zaidi, waigizaji walisaini wasionekane mwaka mzima, muvi ikakamatwa Milan, akashukiwa kuua watu kweli mpaka ikabidi awatafute waigizaji wake athibitishe wapo hai. Na wanyama wanaouawa mle waliuawa kweli, hilo mimi simsamehei, hapo hakuna sanaa wala nini. Hata wale watatu wa Blair Witch mwaka 2024 walikuwa bado wanaandika barua hadharani kudai chao, na Heather alishabadilisha jina kabisa. Uvumi una nguvu na kwetu hauhitaji hata picha, muulize mtu mzima wa Unguja au Pemba akusimulie 1995 ya popobawa, watu walilala nje kwa makundi na hakuna aliyekuwa na klipu. Mkirusha leo kwenye magrupu kwamba wanafunzi wanne wamepotea mashamba ya mkonge, mpaka jioni kuna mama anazimia mahali na kuna mlinzi wa watu anapigwa kwa kudhaniwa mchawi. Na sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 ina kifungu chake cha taarifa za uongo. Msiguse. Andikeni wazi ni muvi, mtu akishaijua ni muvi na bado akaogopa hapo ndio mmeweza.

Haya, nyumba yenu. Mimi nasema pigeni kwa staili hiyo, wenzako wanashinda hapo, ila kwa masharti yako wewe. Kibali Bodi ya Filamu na mwenye shamba kwanza, hilo halina maelezo. Afu simu iwe ya nani? Isiwe ya "kundi la marafiki wanaotafuta mizimu", hiyo imechoka, Wakorea walishaimaliza vizuri na Gonjiam ya 2018 kwenye hospitali iliyofungwa. Tafuteni mtu ambaye kazi yake inamlazimisha kurekodi. Kwa mfano fundi katumwa na mwenye nyumba wa mjini akague mapaa na milango, na kila chumba lazima amtumie bosi video, kama hajatuma halipwi. Tayari ana sababu ya kuingia chumba cha pili hata kama cha kwanza kimemtisha, kwa sababu anadai hela yake. Na tayari kuna mtu wa pili upande wa pili wa simu anayemwambia rudi kidogo, nyuma ya mlango pale kuna nini.

Ikiwa hamna hela ya efekti kumbukeni Host ya 2020, Rob Savage aliifanya watu wakiwa wamefungiwa majumbani Uingereza, yote ni mkutano wa Zoom, waigizaji kila mtu kwake anajipangia taa mwenyewe, haifiki hata saa nzima, na ile dakika za bure kuisha wameifanya sehemu ya hofu. Nyie mna bando. Mna chaji. Asilimia 11 pale juu ya skrini inatisha kuliko zombi, Mtanzania gani hajui huo uchungu?

Rekodini ukimya wa ile nyumba kabla ya kitu kingine chochote, dakika kumi kila chumba, hakuna anayeongea, mtauhitaji kwenye editi. Na ile sini uliyonitumia ya bibi anatoka kisimani na nywele usoni, itoe, hiyo sio ya kwetu na kila mtu anajua imetoka kwenye The Ring. Muacheni fundi apite karibu na kisima, asiangalie, aendelee kuhesabu milango.